Shangazi Futi na Vipimo Viwili

Mwanamke akiingia kwa mara ya kwanza katika duka la Shangazi Futi, kwanza huangalia chini, halafu huangalia mlangoni alikotoka, halafu husema amekuja kuulizia zipu.

Shangazi Futi hambishii. Anajua hakuna mtu anayevuka barabara mbili kwenye jua la saa nane kwa ajili ya zipu. Humvutia kiti, humwonyesha zipu nyeusi na nyeupe, ndefu na fupi, na zipu zikishaisha zote humwuliza, kwa sauti ileile ambayo watu huulizia habari za watoto: "Inakubana wapi?"

Hapo mwanamke hushusha pumzi kana kwamba alikuwa na ndoo ya maji kichwani tangu nyumbani, na sasa kapata pa kuitua.

Kazi ya Shangazi Futi ni kushona sidiria. Za kiwandani hauzi. Hushona moja baada ya nyingine, kila moja kwa mwili wa mwenyewe. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na saba, na futi ya kupimia huning'inia shingoni mwake tangu anapofungua mlango hadi anapoufunga. Siku nyingine amekwenda nayo mpaka msibani, asijue, hadi jirani alipomgusa bega. Watoto wa mtaa ndio waliompa jina, na sasa hata mumewe humwita Shangazi Futi anapotaka chai.

Mumewe ni Baba Saa. Ni fundi wa saa za mkononi na za ukutani, na meza yake iko mbele, chini ya dirisha, ambapo hukaa siku nzima na lenzi jichoni akichokoa vitu vidogo kuliko chawa. Chumba ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia la buluu. "Huku mbele tunatengeneza wakati," huwaambia wageni, "huko nyuma wanatengeneza mambo ambayo mimi siyajui." Hulisema hilo kwa fahari. Miaka yote hiyo hajawahi kulipita pazia kukiwa na mteja. Akitaka jambo, hugonga meza kwa bisibisi mara mbili na kusubiri.

Nyuma ya pazia kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka kona moja, na Kicheko. Kicheko ni mjane wa miaka arobaini ambaye ukianza kumsimulia jambo la kuchekesha, yeye huwa amekwisha kucheka wakati wewe ndiyo kwanza unafika katikati. Anashona mikanda na kulabu. Vikombe hashoni, vikombe ni vya Shangazi peke yake.

Kanuni za kazi Shangazi alizipata kwa machozi. Mwaka wa kwanza alinunua sanamu ya plastiki ya kuvalishia nguo, kutoka duka lililokuwa likifungwa. Ilikuwa na kifua cha kupendeza, pande mbili zimelingana kama sahani za seti moja. Akashona juu yake sidiria thelathini, akaziuza zote kwa siku tatu, na kwa siku nne zilizofuata zikarudi zote. "Inanikaba huku." "Inaelea huku." Mmoja alimwambia, "Fundi, yangu inanikaa vizuri sana, ila nikiwa nimelala chali." Shangazi alilia mpaka macho yakavimba, akaamini kazi imemshinda. Baba Saa, ambaye hata hakujua ni nguo gani zilizorudi, alimwambia tu, "Mimi kila saa naifungua. Zimetoka kiwanda kimoja, siku moja, na bado hazifanani tumboni."

Kesho yake alianza kupima kila mwanamke upya, kila upande na kipimo chake. Daftari lake likawa na safu mbili, kushoto na kulia. Majina hayamo. Badala yake kuna kijipicha: kikombe, ndege, ufunguo, kiatu. Vipimo hasemi kwa sauti, humwonyesha mwenyewe kwa ncha ya penseli, na yanayozungumzwa nyuma ya pazia hubaki nyuma ya pazia.

Na yalizungumzwa mengi. Humo wanawake walicheka hadi wakashika meza. Bibi mmoja wa miaka themanini alitaka sidiria nyekundu na hakutaka kuulizwa kwa nini. Mnyonyeshaji mmoja alilala usingizi wa kusimama huku akipimwa. Kazi hii, Shangazi alizoea kusema, ina furaha ambayo haionekani barabarani. Unamwona mtu anaingia amejikunja, anatoka amenyooka, na waliomo njiani wanadhani ameota ndoto nzuri.

Lakini miaka ya karibuni kulikuwa na jambo lililomsumbua. Alichelewa kulitambua. Wateja wake wa zamani walilalamikia nguo: inabana, inakwaruza, inateleza. Wateja wapya, hasa wasichana, walilalamikia mwili. Walitoa simu, wakaonyesha picha, wakasema, "Nataka niwe hivi." Mwanzoni alidhani ni picha za waigizaji. Siku moja msichana aliyekuwa karibu kuolewa alimwambia ukweli bila kuzunguka: picha ilitoka kwenye zile video za ngono ambazo mchumba wake huziangalia.

"Hao nao, mashuka yao nani anawafulia?" Kicheko aliuliza, akaangua kicheko, na msichana naye akacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa akikitazama kile kifua kwenye kioo cha simu, akakikumbuka. Kilikuwa kifua cha sanamu.

Jumatatu ya wiki ninayoisimulia, aliingia binti wa kaka yake. Huyu hakuulizia zipu. Ni mrefu, anafanya kazi mapokezi katika kliniki ya macho, na alikuwa kwenye likizo yake ya wiki mbili. Miezi minane iliyopita aliolewa na kijana mpaka rangi wa nyumba, mtu mkimya ambaye hata akinawa vipi lazima sikio moja libaki na doa la chokaa. Harusini Shangazi alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda, au gauni ndilo limenenepa?"

Binti alisubiri Kicheko atoke kwenda kuchota maji, kisha akatoa simu. Shangazi aliijua picha kabla haijawaka.

"Sitaki sidiria," binti alisema. "Nataka uniambie kama wewe, kwa macho yako ya fundi, unaona mtu anaweza kufika hapa. Kuna mama mmoja anachoma sindano za kujaza. Anachomea nyumbani kwake. Jumamosi saa nne nina miadi."

Shangazi alikaa kitako kwenye kiti cha cherehani. Katika daftari lake, mwenye picha ya ufunguo alikuwa amechomwa sindano kama hizo. Siku ya kumpima, futi ilipita juu ya kitu kigumu kama kokwa la tunda, na mwenye ufunguo aliguna kwa maumivu. Sasa huenda hospitali kila mwezi.

"Mumeo amekuambia anataka hivyo?"

"Hasemi kitu. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Anaangalia hizi, Shangazi. Anadhani sijui. Mwezi wa pili wa ndoa nilichukua simu yake nipige, nikaziona. Nikasema basi, na mimi niangalie, nijifunze anachopenda. Nimeangalia nyingi. Tangu hapo, nikisimama mbele ya kioo naona makosa tu. Na yeye taa ikizimwa anageukia ukutani."

"Pole, mama."

"Usinionee huruma, nitalia. Na usianze kuniambia ni dhambi, ni uchafu. Wale ni watu wazima. Hakuna aliyelazimishwa."

"Umejuaje?"

"Wanacheka."

"Hata wateja wangu hucheka," Shangazi alisema, "huku pini imewachoma."

Binti aliinama akaangalia simu, kisha akaizima. Shangazi alitaka kusema mengi. Alitaka kumshika mikono na kumwapisha. Lakini alimjua tangu akiwa na miaka minne. Mtoto yule ukimwambia asipande ukuta, unaposema neno la mwisho tayari anakusalimia kutoka juu. Kumkataza kungemfikisha kwa mchoma sindano Ijumaa badala ya Jumamosi.

"Sikukatazi," alisema. "Ila nisaidie jambo. Kesho nina wateja wanane kwa mpigo na Kicheko hajui kupima. Uko likizo. Njoo unishikie futi."

"Mimi? Kliniki wengine ndio wanaopima macho, mimi napima foleni tu."

"Utajifunza."

Wale wanane walikuwa timu ya mpira wa pete ya dobi la hospitali. Walicheza na walimu wa shule ya jirani kila miezi mitatu, na kila miezi mitatu walifungwa. Kapteni wao, mama mwenye mikono kama ya mbeba mizigo, alikuwa ameamua kwamba tatizo ni sidiria.

"Mtu unaruka," alimwambia Baba Saa pale mbele, ingawa Baba Saa hakuwa ameuliza, "halafu unashuka, na yenyewe yanashuka baada yako. Mechi itachezekaje hivyo?"

Baba Saa aliinamia saa aliyokuwa ameshamaliza kuitengeneza, akaanza kuifungua upya.

Nyuma ya pazia palijaa. Waliingia na harufu ya sabuni na pasi, wakavua blauzi bila hata kuangalia pa kuziweka, kwa sababu watu wanaofua mashuka ya hospitali nzima hawana muda wa kuona haya juu ya nguo. Mmoja alikuwa mjamzito wa miezi saba. Alisema hachezi, amekuja kupimwa ili asipitwe. Binti wa kaka alisimama na futi mkononi, uso umemwiva. Tangu utotoni hakuwa amewahi kuona wanawake wazima wengi hivyo bila picha katikati yao na yeye.

Shangazi alimwonyesha mara moja: chini ya kifua, kisha juu ya kifua, kisha andika kwenye safu mbili. Akageuka kukata kitambaa, akamwacha. Baada ya wanne alikuja kuchungulia daftari.

"Na kushoto?"

"Kushoto kwa nani?"

"Kwa kila mtu. Umeandika kipimo kimoja kimoja. Nimekuonyesha safu mbili."

Binti alishangaa kweli. "Si ni sawa, Shangazi? Nimepima huku. Na huku si ni vilevile?"

Chumba kikalipuka kwa vicheko. Kicheko aliteleza kutoka kwenye kiti akakaa chini kabisa. Mjamzito alishika tumbo akiomba waache, asije akajifungulia kwenye meza ya kukatia.

"Sawa?" Kapteni alipaza sauti. "Mwanangu, haya yangu hayajawahi hata kusalimiana! Hili la kulia limenyonyesha watoto watano. La kushoto lilikataa tangu mtoto wa kwanza, likasema halikuja duniani kufanya kazi. Unadhani yatafanana?"

"La kwangu la kushoto ni la baba yangu mzazi," mwingine alisema. "La kulia sijui tulilitoa wapi."

"Njoo upime! Pima yote! Leo mwenye tofauti kubwa anapewa zawadi!"

Ikabidi arudie. Akawapima wote wanane, kushoto na kulia, na safari hii aliandika kwa makini ya mtu anayesoma lebo ya dawa. Tofauti ya sentimita moja. Mbili. Nusu. Tatu na nusu, ambayo ilipigiwa makofi. Lililoinama, lililotazama pembeni, lenye kovu la upasuaji ambalo mwenyewe aliliita "mshono wa kwanza wa Shangazi kabla sijamjua Shangazi." Mistari ya kujifungua kama maji yaliyopita mchangani. Na wenye hivyo vyote walisukumana, wakajipiga viuno, wakaonyeshana jinsi ya kudaka mpira, wakasimulia waume zao, na mmoja, mwembamba asiye na kifua cha kuzungumzia, alisema mume wake humwita kutoka chumba cha pili kila jioni kwa kisingizio cha kutafuta kandambili.

"Kandambili!" Kapteni alisema. "Miaka kumi na minne anatafuta kandambili!"

Binti wa kaka alicheka. Shangazi aliisikia sauti hiyo akiwa amegeuka, na mkasi wake ukasimama katikati ya kitambaa. Hakugeuka. Aliogopa akigeuka kicheko kitakatika.

Walipokuwa wakivaa, Kapteni alimpima binti kwa macho toka miguuni hadi utosini. "Wewe mrefu hivi unashikia watu futi badala ya kudaka mipira? Mlinda goli wetu yuko zamu Jumamosi. Umewahi kucheza?"

"Shuleni."

"Basi Jumamosi saa nne, uwanja wa nyuma ya dobi."

Binti alimwangalia Shangazi, Shangazi akaangalia lastiki. "Jumamosi saa nne nina miadi," binti alisema polepole.

"Ahirisha," Kapteni alisema, akaenda zake.

Jumatano na Alhamisi walishona wote watatu. Binti alikata uzi, akapiga pasi, akageuza mikanda. Hakuzungumzia miadi. Mara moja tu, akiwa amevishika vikombe viwili vya sidiria moja, kimoja kikubwa kidogo, aliuliza, "Hawa wanajuaje kwamba wako sawa hivi walivyo?"

"Wengine hawajui," Shangazi alisema. "Wengine hawajawahi kuulizwa swali lenyewe."

"Mimi hakuna aliyeniuliza. Nimejiuliza mwenyewe."

"Ulijiuliza, au simu ndiyo ilikuuliza?"

Binti alifikiri. "Siwezi tena kutofautisha," alisema, na hilo lilimuuma Shangazi kuliko yote aliyosikia wiki ile. Hakuwa mhubiri, hakujua takwimu wala sheria. Alichojua ni kwamba kuna kitu kimeingia katika vyumba vya watu bila kugonga mlango, kimekaa kati ya mke na mume, na kimewafundisha wote wawili kujichukia kwa njia tofauti. Hata hivyo upande wa mume alikuwa akiukisia tu. Kuujua hasa ilikuwa bado.

Alhamisi saa kumi na moja binti na Kicheko walitoka kwenda kununua lastiki. Shangazi alibaki peke yake nyuma ya pazia, ameinamia mkanda wa Kapteni, pini saba zimejipanga kati ya midomo yake. Akasikia mlango, na sauti ya mpaka rangi.

"Shikamoo, mzee. Nimemfuata mke wangu."

"Marahaba. Ametoka, anarudi sasa hivi. Kaa."

Kijana alikaa. Saa za ukutani zililia zote kwa pamoja, halafu zikanyamaza. Alidhani wako wawili tu.

"Mzee, wewe una miaka mingapi kwenye ndoa?"

"Thelathini na moja."

"Umewahi kumwogopa mkeo?"

"Kila siku," Baba Saa alisema. "Leo asubuhi nimevunja kikombe chake. Hajajua."

Nyuma ya pazia, pini moja ilitikisika.

"Mimi namwogopa kwa namna nyingine," kijana alisema, na maneno, kama kwa watu wote wakimya, yakatoka yote kwa mkupuo. "Zile video, mzee. Nimeanza kuangalia nikiwa kidato cha pili, kwenye simu ya rafiki. Nilidhani nikioa zitaisha zenyewe. Hazikuisha. Na wanaume wa mle hawachoki, hawakosei, hawaulizi kitu. Mimi nikimwona mke wangu, alivyo mzuri vile, najiona kama mtu aliyepewa ghorofa apake rangi bila ngazi. Basi nazima taa. Nageukia ukutani. Naona afadhali adhani nimechoka kuliko ajue mimi si kitu."

Baba Saa alikohoa. Akagonga meza kwa bisibisi mara mbili. Shangazi aliielewa ishara ile vizuri sana, lakini mdomo ulikuwa umejaa pini, na akizitema zitalia sakafuni, na kijana ataaibika mpaka kaburini. Akabaki vilevile. Baba Saa akagonga tena. Hakuna jibu. Ndipo mzee akaona kwamba hakuna wa kumwokoa.

"Mwanangu, mimi ni fundi wa saa," alianza kwa huzuni. "Lakini nitakuambia. Mwaka wetu wa kwanza mimi nilikuwa sijui kitu. Si kwamba nilijua kidogo. Kitu kabisa."

"Ukafanyaje?"

"Niliuliza."

"Ulimwuliza nani?"

"Yeye! Nimwulize nani mwingine, mwenye nyumba?"

Shangazi karibu ameze pini zote saba. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo, machozi yakimtoka, na hata yeye hakujua machozi ya kitu gani. Kijana naye alikuwa akicheka, kicheko kifupi chenye kutu, cha mtu ambaye hajakitumia muda mrefu.

Hapo ndipo Shangazi alipokwama. Maneno yale, kama angeyabeba na kumfikishia binti wa kaka yake, yangeifuta Jumamosi. Lakini hayakuwa yake. Kwa miaka ishirini na saba hakuwa amehamisha neno kutoka upande mmoja wa pazia kwenda mwingine. Alisimama, akakaa, akasimama. Mwishowe akafungua pazia.

Kijana aliruka kama aliyeguswa na umeme. "Shangazi! Ulikuwa humo?"

"Nilikuwa na pini mdomoni," alisema, na hilo lilikuwa kweli. "Sikuambii kitu, mwanangu, na yako simwambii mtu. Ila Jumamosi saa nne mkeo ana miadi. Mwulize ni ya nini. Mwulize leo au kesho, msiache mpaka Jumamosi."

Kijana aliwatazama wote wawili, akaondoka bila kumsubiri mkewe. Kisha akarudi, kwa sababu alikuwa amekuja kumchukua.

Ijumaa binti hakuja kazini. Shangazi alishona mkanda mmoja kinyume, akaufumua, akaushona kinyume tena. Kicheko alifungua mdomo acheke, akaufunga.

Jumamosi, kwa mara ya kwanza tangu walifungue, duka lilifungwa asubuhi. Uwanja wa nyuma ya dobi ulizungukwa na kamba za mashuka meupe yaliyokuwa yakikauka, hata mpira ukitoka nje ulirudi unanukia sabuni. Baba Saa alikuja na kiti chake mwenyewe. Kapteni aliruka mara tatu mbele ya Shangazi ili aone kazi ya mikono yake. "Tazama! Tunashuka pamoja!"

Ikafika saa nne. Binti hakuwapo. Filimbi ikapigwa, dobi wakaanza wakiwa sita, na kufikia saa nne na dakika kumi walimu walikuwa wameshafunga mabao saba. Shangazi hakuona hata moja. Alikuwa akitazama upande wa barabara, vidole vimeshika futi shingoni kama mtu aliyeshika kamba ya kisima.

Halafu shuka moja likafunuliwa, na binti wa kaka yake akatokea, amevaa raba na fulana ya mumewe yenye madoa ya rangi tatu. Mumewe alikuwa nyuma, amebeba mkoba wake begani bila kuona haya.

"Tulipotea!" binti alisema akipita mbio. "Huyu amesema anajua njia!"

Aliingia golini. Alikuwa amesahau karibu kila kitu alichojifunza shuleni. Alidaka mipira miwili, akaachia kumi na mmoja, akaanguka, akacheka, akamgombeza mwamuzi kwa kosa ambalo lilikuwa lake. Wakati wa mapumziko alikuja kwa Shangazi akihema, akachukua chupa ya maji.

"Aliniuliza," alisema. "Alhamisi hiyohiyo. Nikamwambia. Alikaa chini sakafuni, Shangazi, akashika kichwa. Halafu naye akaniambia yake. Tulizungumza mpaka chai ikapoa mara tatu. Jana tukazungumza tena, ndiyo sababu sikuja. Kumbe wote wawili tulikuwa tunafanya mtihani, na hakuna aliyetutungia."

"Na hizo video?"

"Amezifuta mbele yangu. Anasema ataacha. Sijui kama ataweza, amezizoea tangu utoto. Lakini sasa anaweza kuniambia akishindwa." Alikunywa maji, akajimwagia mengine kichwani. "Na mimi bado nikisimama mbele ya kioo nasikia zile sauti. Leo asubuhi nilizisikia. Ila nilikuwa nimechelewa, sikuwa na nafasi ya kuzisikiliza."

Shangazi alimpangusa uso kwa ncha ya kanga yake, akampangusa tena ingawa ulikuwa umeshakauka.

Dobi walifungwa mabao ishirini na saba kwa sita. Hayo sita waliyofunga yalikuwa sita zaidi ya mechi iliyopita, na Kapteni alilia kwa furaha hadharani, akatangaza kwamba tatizo lilikuwa sidiria, kama alivyosema toka mwanzo. Wakaanza kuimba, wakimzunguka mjamzito, ambaye aliimba kwa sauti kuliko wote kwa kuwa yeye peke yake ndiye hakuwa amechoka.

Katikati ya kelele hizo simu ililia ndani ya mkoba ambao mpaka rangi alikuwa bado ameubeba. Aliitazama, akamnyooshea mkewe. Shangazi aliona uso wa binti ukitulia, akajua ni yule mama wa sindano.

"Haloo. Shikamoo, mama. Ndiyo, ni mimi. Samahani sana, ningekupigia." Aliziba sikio la pili kwa kidole. "Hapana, siji. Hapana, siyo woga. Niko mpirani. Mpirani! Tumefungwa, ndiyo. Ishirini na saba." Alisikiliza kidogo, akimwangalia mumewe, ambaye Kapteni alikuwa akimvuta kwenye duara acheze, naye akikataa kwa mikono huku miguu imeshaanza. "Hapana, mama, na wiki ijayo usinisubiri. Wiki ijayo nina mazoezi."